Twaha anataka simba, baba yake anataka fuvu

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa jikoni, saa tano usiku, wenyewe wamelala baada ya kununiana. Sisi ni watu wa Ngamiani, hapa Tanga. Mwisho wa mwezi tunakwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya wifi yangu. Ndoa inafungwa Ijumaa baada ya swala, walima ni Jumamosi, na Jumatatu alfajiri tunapanda basi kurudi. Jumapili nzima ni yetu, na hiyo Jumapili ndiyo iliyoniondolea usingizi.

Mwanangu Twaha ana miaka minane. Baba yake mdogo, anayekaa Sinza na ndiye tutakayefikia kwake, mwaka jana alimwahidi kwenye simu kwamba siku akitia mguu Dar atampeleka kwenye bustani ya wanyama kule Kigamboni akamwone simba. Shangazi, tangu siku ile hatupumui. Simba amechorwa kwenye daftari la Hisabati mpaka mwalimu akaniita. Akila wali anauliza simba anakula kilo ngapi. Usiku akiota anaota simba, wala si ndoto ya kutisha, eti walikuwa wanakula pamoja.

Mume wangu hataki kulisikia hilo. Anasema mtu hasafiri zaidi ya kilomita 300 kwenda kumtazama mnyama aliyefungiwa, simba wa kufugwa ana tofauti gani na mbuzi. Anataka twende Makumbusho ya Taifa, mjini, watoto wakaone fuvu la Zinjanthropus na mambo ya nchi yao. Yeye alipokuwa shule waliambiwa darasa lao litapelekwa Dar kuliona fuvu hilo. Wakachangishwa, wakasubiri, safari ikayeyuka na hela hazikurudi. Kila akilitaja fuvu lazima na hiyo hadithi ifuate.

Juzi walibishana, baba na mtoto, kama wazee wawili barazani. Baba akaeleza weee, miaka milioni, binadamu wa kale, Olduvai. Twaha akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, “Sasa baba, fuvu si halili?” Nikacheka. Kosa langu likawa hicho kicheko. Mume wangu kasema namfundisha mtoto kumdharau.

Mama mkwe tutakuwa naye, magoti yanamsumbua, yeye anasema tumpeleke popote penye kiti. Nina mdogo wa miaka mitatu, akichoka ni wa kubebwa. Dada mtu ana miaka kumi na miwili, huyo hana neno, mtulivu, ananisaidia sana kumshika mdogo.

Nina shilingi 180,000 kwenye kibubu, hela yangu ya vitumbua, nimeiweka kwa matembezi haya tu, mbali na nauli na mchango wa harusi. Mume wangu hajui imefika ngapi. Nimefikiria tufanye vyote, asubuhi makumbusho, mchana wanyama. Jirani yangu aliyewahi kukaa Dar kanicheka.

Nichague lipi Shangazi, nisimvunje mtoto moyo wala nisimvunjie mume wangu heshima?

Mama Twaha
Ngamiani, Tanga

*

Marahaba Mama Twaha.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kalamu ikiwa mkononi. Kuna kitu nilikuwa nakihesabu, nitakwambia huko mbele.

Jirani yako alikuwa na haki ya kucheka. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, katikati ya mji, karibu na bustani ya mimea. Kutoka Sinza mnatoka hadi Shekilango, mnapanda mwendokasi, mnashuka Posta, na pale mnaweza kuchukua bajaji kwa heshima ya magoti ya mama. Bustani ya wanyama nayo iko ng'ambo. Ama mvuke kwa pantoni pale Kivukoni, ama mzungukie Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa mwaka 2016, na mkishafika upande wa pili bado hamjafika. Kigamboni ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Isitoshe Jumapili nusu ya Dar inakwenda huko huko kuogelea. Sasa jumlisha mtoto wa kubebwa, bibi wa magoti, na watu wazima ambao usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa kwenye walima. Mkitaka vyote viwili mtakachokiona vizuri ni mgongo wa gari lililo mbele yenu.

Kwa hiyo vyote viwili kwa kundi lote, hapana. Nimesema kwa kundi lote. Tuje kwa mume wako.

Hoja yake kwamba mnyama aliyefungiwa si wa kufungia safari nimeisikia kwa watu wengi, na wengi wao hawajamwona huyo wa kufungiwa wala huyo wa porini. Mgeni analala ndani ya ndege usiku kucha aje kumwona simba wetu, mtoto wetu anamjua kwenye jezi. (Hebu niambie pembeni, mume wako si Yanga kweli? Maana nyumba nyingine ugomvi wa simba una mizizi mirefu.) Angekuwa anakwambia simba anaonekana bure nyuma ya nyumba yenu ningemwelewa. Na kweli mna jirani mkubwa: ukishapita Pangani kusini unaikuta Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, mahali ambapo mbuga inaishia kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Wamo tembo, twiga, viboko, na simba wamo. Lakini Saadani bila gari la kuzungukia ni kazi, na simba wa porini hana miadi na mtu. Unaweza kushinda kutwa ukaona kuro na ngiri, ukarudi na mtoto analia. Kwa mtoto wa miaka minane mwenye ahadi mkononi, simba wa Kigamboni anatosha.

Ila mtayarishe. Simba ni mlalaji, anaweza kupumzika saa ishirini katika ishirini na nne, na jua la mchana la Dar linamlaza hata kuku. Twaha akifika saa saba mchana atamkuta mfalme wake yuko chini ya kivuli kama mlinzi wa zamu ya usiku, hatikisi hata mkia. Huyo baba mdogo apige simu kabla, aulize wanafungua saa ngapi na wanyama wanalishwa saa ngapi, waende saa hiyo. Maadamu mwanao anataka kujua anakula kilo ngapi, akaulize mwenye kumlisha.

Sasa fuvu. Hapa lazima nimtetee mume wako, na nitamtetea kwa neno la mwanao mwenyewe. “Fuvu si halili?” Mama Twaha, katika mafuvu yote ya dunia hii, hilo ndilo lililopata sifa kwa kula! Mary Leakey aliliona Olduvai mwezi wa Julai 1959, na umri wake unakadiriwa kuwa kama miaka milioni 1.75. Kilichowashangaza watu ni meno. Magego yake ni mapana ajabu, na juu ya utosi kuna ukingo wa mfupa, kama mshono uliosimama, ambako misuli ya taya ilishikilia. Kwa taya la namna hiyo wakamwita mvunja kokwa. Miaka mingi baadaye wataalamu wakapima kemia ya meno yenyewe, wakaona hakuwa mtu wa kokwa kiasi hicho, chakula chake kikubwa kilikuwa jamii ya nyasi na ndago. Yaani alikuwa na kinu na mchi vya kutwangia mahindi ya kijiji kizima, akavitumia kutafunia majani siku nzima. Mume wako angeanzia hapo, kwenye chakula, badala ya kuanzia kwenye mamilioni ya miaka, Twaha asingemjibu vile. Watoto wanaingia kwenye historia kupitia mdomoni.

Akifika makumbusho na mtoto yeyote, asijaribu kuyamaliza. Huo ndio ugonjwa wa kina baba wenye kiu: wanasoma kila kibao kwa sauti mpaka mtoto anakaa sakafuni. Achague vitatu. Fuvu, na hapo amwambie mtoto amuulize mwongozaji kama wanalolitazama ni lenyewe au ni nakala, kwa sababu vitu adimu hivyo mara nyingi hufungiwa mahali salama, na mtoto anafurahi sana kumbana mtu mzima kwa swali kama hilo. Kisha magari ya zamani ya viongozi, ambayo hata asiyependa historia atasimama. Kisha vitu vya Kilwa, vyungu na sarafu, vya watu wa pwani kama ninyi. Nje kuna kumbukumbu ya waliouawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Kwa mtoto mkubwa inafaa, kwa mdogo ipite kimya. Saa moja na nusu inatosha, halafu soda.

Na wakitoka nje, kibao cha mtaa wakisome. Shaaban Robert ni wenu. Kazaliwa Vibambani mwaka 1909, kafariki 1962, na kaburi lake liko Machui, hapo hapo Tanga. Ninawajua watu wa Tanga waliopiga picha chini ya kibao kile, na Machui hawajawahi kufika.

Hapo ndipo ninapotaka kumshika shati mume wako kidogo. Historia anayoifuata Dar amewahi kuwaonesha watoto ile iliyo mlangoni kwake? Mnakaa mtaa wenye ngamia ndani ya jina. Twaha amewahi kuuliza huyo ngamia alifika vipi Ngamiani, na nani alimjibu? Kuna jumba la Urithi kwenye boma kongwe, karibu na bahari, lenye picha za mji wenu wa zamani. Ni mwendo wa miguu kutoka kwenu kama jua halijawa kali. Na Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walishusha pale Raskazone jeshi lililotoka Bara Hindi, askari wapatao elfu nane, waje kuuchukua mji. Waliokuwa wanaulinda upande wa Mjerumani walikuwa kama elfu moja, wengi wao askari wa Kiafrika. Katikati ya risasi nyuki wakatibuliwa kwenye mizinga, wakatoka. Waliuma pande zote, nyuki hasomi sare, lakini Mwingereza ndiye aliyekuwa anakimbia kurudi majini, basi hadithi ikamwelemea yeye. Wako waliosingizia kwamba Mjerumani aliwatega wale nyuki kwa nyaya! Ni vita vya kweli, na mnyama yumo ndani. Mume wako ampeleke Twaha Urithi Jumamosi moja kabla ya safari, wawili tu, wakirudi ampitishe njia ya Raskazone na kumsimulia nyuki. Haitagharimu kitu zaidi ya aiskrimu. Atashangaa atakavyosikilizwa.

Lakini hayo ya Tanga hayamwondolei Dar yake. Isome tena ile hadithi uliyoniandikia kana kwamba ni kero, ya kuchangishwa shuleni na safari kuyeyuka. Mwanao ana ahadi ya simba, ya mwaka mmoja. Mumeo naye ana ahadi ya fuvu, ya miaka zaidi ya ishirini pengine, tena aliilipia. Ulipocheka ulikuwa unamcheka mtoto wa shule aliyesimama na kitambulisho cha safari ambayo haikwenda. Najua hukukusudia. Mwambie hivyo, mkiwa wenyewe, usingoje mpaka kwa shemeji. Anza na hela iliyoliwa. Mwambie, “Baba, fuvu lako safari hii lazima ukalione,” kisha nyamaza. Usiongeze “lakini” hapo. Ya Twaha mtayazungumza kesho yake.

Haya, sasa nilichokuwa nakihesabu. Nilikuwa nahesabu watu na matakwa yao. Twaha, simba. Baba, fuvu. Mama mkwe, kiti. Mdogo, mgongo wa mtu. Jirani, kicheko. Binti yako mkubwa ana miaka kumi na miwili na kwenye barua yote jina lake sikuliona. Ni “dada mtu”, na sifa yake ni kwamba hana neno na anashika mtoto. Hata saini umeweka Mama Twaha, wakati aliyekufanya mama ni yeye. Sikulaumu, mji mzima huenda wanakuita hivyo. Lakini kabla hujachagua mahali, mwite mkiwa mnapika, mdogo akiwa amelala, umuulize: wewe Jumapili ungependa kwenda wapi? Atakujibu “popote”. Hilo ni jibu la mtoto aliyezoea. Uliza tena siku ya pili.

Jumapili basi mgawanyike. Nani amesema familia lazima itembee kama msafara wa siafu? Aliyemwahidi Twaha simba ni baba yake mdogo, na yeye ndiye ampeleke, tena kwa mfuko wake. Waondoke mapema, wawili, wawahi pantoni kabla watu wa ufukweni hawajaamka. Baba aende makumbusho. Binti akisema fuvu, aende na baba yake, wawili peke yao, na mdogo abaki. Nasisitiza mdogo abaki, asije akapelekwa Posta kushika mtoto. Akisema simba, aongozane na Twaha, na mumeo aende fuvuni peke yake. Mtu mzima kujipeleka makumbusho si aibu, nimewahi kufanya hivyo, unatembea kwa raha zako na hakuna anayedai juisi.

Wewe, mama mkwe na mdogo hamna haja ya kwenda mbali. Kijiji cha Makumbusho kiko Kijitonyama, kando ya Barabara ya Bagamoyo, na kituo cha daladala penyewe panaitwa Makumbusho. Kutoka Sinza ni bajaji tu. Ni uwanja wenye miti, zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali, msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, nyumba ya Kizaramo ambayo mama mkwe ataijua kabla hajaambiwa. Mdogo anakimbia bila kuvunja kitu. Bibi mtafutieni kivuli na kiti, atawaelezeni mwenyewe waliojenga wamekosea wapi. Ila kama baada ya siku mbili za shughuli, masufuria na kanga za sare mwili wako unataka kulala mpaka adhuhuri, lala. Nawe pia hukuniandikia unataka nini.

Jioni mkutane kwa shemeji. Twaha atakuwa na habari za simba aliyelala, baba atakuwa na habari za meno, na nina hakika swali la nani alikula zaidi litarudi mezani.

Gharama nazo, nauli na viingilio vya Mtanzania ukivijumlisha kwa mgawanyo huu, kibubu chako kitabaki na kitu. Ila hiyo 180,000 usiitaje mbele ya shemeji mpaka awe ameshalipa getini.

Shangazi